Waliniambia Lamu hakuna biashara

Ami, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu. Namaliza mwaka wa nne wa sheria chuoni Mombasa. Tangu kidato cha tatu nimetaka kuwa wakili wa biashara: mikataba ya kampuni, mikopo ya benki, ununuzi wa hoteli, mambo kama hayo. Alama zangu ni nzuri, na sheria ya kampuni ndiyo niliyofanya vizuri kuliko zote.

Mwezi uliopita niliitwa Nairobi kuhojiwa na kampuni moja kubwa ya mawakili. Walikuwa wanatafuta wanafunzi wa kufanya nao mafunzo wakati wa likizo, na wanaofanya vizuri huwekewa nafasi ya uanagenzi mapema. Wakaniambia, "Tupe habari moja ya biashara uliyoifuatilia." Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaeleza kuhusu Benki Kuu na riba, ilikuwa ngapi na imeshuka hadi ngapi. Wakili mmoja mama akaniangalia, akasema, "Sawa. Kwa hiyo? Mteja wetu mwenye hoteli afanye nini kesho asubuhi?"

Nikanyamaza. Ami, sikuwa na hata neno moja. Kisha mwenzake akasema si kosa langu, huko Lamu kuna punda na watalii tu, biashara ningeijulia wapi. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo la kucheka nao ndilo linaloniuma hadi leo.

Barua ya kunikataa ilisema nahitaji "kukuza ufahamu wa biashara". Nimeisoma mara nyingi na bado sijui nianzie wapi. Nimejiandikisha kupokea muhtasari wa habari za uchumi kutoka sehemu nne, husoma kila asubuhi, na jioni sikumbuki kitu. Wenzangu wengine wazazi wao ni wahasibu na mameneja wa benki. Babangu ana jahazi, hubeba simiti, mabati na mchanga kutoka Mokowe, upande wa bara, kuleta Amu. Mamangu hukodisha wageni vyumba viwili vya juu. Mwaka juzi mifuko ya simiti ililowa njiani, hasara ikamwangukia baba, na mimi msomi wa sheria sikuwa na la kumwambia ila pole.

Je, nisomee uhasibu kwanza? Nihamie Nairobi? Nina mahojiano mengine, kampuni nyingine, wiki nane kutoka sasa.

Binti wa Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na kile kicheko, maana naona kimekukaa kifuani. Swali la yule mama lilikuwa la haki, na ni swali zuri kuliko yote waliyokuuliza siku hiyo. Maneno ya mwenzake yalikuwa ya mtu asiyejua kazi yake inatoka wapi. Nimefanya uwakili wa biashara Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na nakwambia bila kupepesa: katika muongo uliopita, baadhi ya mafaili mazito zaidi ya biashara katika nchi hii yametoka kwenye maji unayoyaona ukisimama gatini.

Chukua mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu. Megawati 1,050, gharama ya karibu dola bilioni 2. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni iliyokuwa imetolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Novemba mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitautia fedha. Chuoni bila shaka mmeisoma kama kesi ya mazingira. Isome tena leo usiku ukijifanya wewe ni wakili wa benki. Mteja wako yuko tayari kutoa mamilioni ya dola, na usalama wa fedha zake umesimama juu ya karatasi moja, ile leseni. Karatasi yenyewe imesimama juu ya mikutano na wavuvi na wazee wa mji, na kuna mtu aliyeiona mikutano hiyo kama shughuli ya kupiga picha na kugawa soda. Ilipoanguka mikutano, ikaanguka leseni. Wakili mwenye jicho la biashara angeuliza mapema: nani alikaa kwenye mkutano ule, aliambiwa nini, na kwa lugha gani? Angeuliza hivyo kwa sababu fedha za mteja zilikuwa zimekaa pale pale kwenye mkeka.

Ya bandari ya Lamu unayajua. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, kati ya 32 yaliyopangwa. Na wavuvi walioathiriwa na mradi huo, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hiyo nayo ni gharama ya mradi, sawa na nondo na zege, ila haikuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo. Ukiyasema hayo Nairobi kwa utulivu, hakuna atakayetaja punda.

Sasa turudi kwenye "Kwa hiyo?" Hapo ndipo palipo na kazi.

Uliwapa tarakimu. Tarakimu mteja anazo kwenye simu yake. Riba ya msingi ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 Februari 2024, na ikaanza kuteremshwa Agosti mwaka huo. Mwenye hoteli alijua kabla yako, maana yeye ndiye anayelipa. Anachotaka kwako ni kilicho ndani ya mkataba wake wa mkopo. Je, riba yake inapanda na kushuka pamoja na ya soko, au imefungwa? Ikiwa inashuka, benki inalazimika kuishusha lini, na ikichelewa yeye anafanya nini? Akitaka kuhamia benki nyingine yenye nafuu, kuna faini ya kulipa mkopo kabla ya wakati? Hatimiliki iliyowekwa rehani itachukua muda gani kutolewa huku na kuandikishwa kule, na katikati ya safari hiyo nani anambeba? "Afanye nini kesho asubuhi" jibu lake ni fupi: alete mkataba wake tuusome ukurasa wa riba na ukurasa wa kulipa mapema, kabla hajampigia simu meneja wa benki. Ungesema hivyo tu, ungepita.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu mteja ana zaidi ya mfuko mmoja. Kumbuka dola mwaka huo wa 2024. Januari ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Sasa fikiria hoteli ya Shela, kijiji jirani na Amu, inayotoza dola 100 kwa usiku. Chumba kilichokuwa kikileta shilingi 16,000 sasa kinaleta 13,000, mgeni ni yule yule na shuka ni zile zile. Mishahara inalipwa kwa shilingi na haikushuka. Samaki wa jikoni hakushuka. Magazeti yalikuwa yakishangilia kwamba shilingi imepata nguvu, na walikuwa na haki, lakini mwenye hoteli huyu alikuwa akivuja. Aliyekopa kwa dola huku akiuza kwa shilingi alipumua. Ndiyo maana habari moja haiwezi kuwa nzuri wala mbaya mpaka useme kwa nani.

Muulize mamako vile vyumba viwili vya juu anavitaja bei kwa sarafu gani, na kwa nini. Muulize ilipokuwa dola inateremka alibadilisha bei au aliogopa kumpoteza mgeni. Majibu yake yatakufundisha kifungu cha sarafu katika mkataba kuliko mhadhara wa saa mbili.

Nimefika kwa babako, na hapa nataka kukaa.

Simiti ililowa, baba akalipa. Wewe uliona msiba wa nyumbani. Mimi nimeona faili. Simiti ilikuwa ya nani ilipokuwa juu ya maji? Umefanya mtihani wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31: hatari hufuata umiliki, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Babako hakuwa muuzaji wala mnunuzi, alikuwa mchukuzi. Basi swali moja la kisheria ni kama alizembea: turubai lilikuwepo? Jahazi lilipakiwa kupita kiasi? Ikiwa ni mvua na mawimbi tu na hakukuwa na uzembe wake, huenda alikuwa na hoja nzuri ya kukataa kulipa.

Na bado alilipa. Kwa nini? Simjui babako, lakini nawajua manahodha. Aghalabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye anayempa shehena nyingi kuliko wote, na kumuudhi ni kulifunga jahazi. Kama ndivyo, baba alipiga hesabu hapo hapo gatini: hasara ya mifuko ya leo dhidi ya nauli ya mwaka mzima. Akachagua nauli. Wakili aliyejaa sheria peke yake angemwambia, "Usilipe, tutakwenda mahakamani," na huenda angeshinda kesi akamwacha mteja bila mizigo. Mwanangu, tofauti kati ya haki ya mteja na faida ya mteja ndiyo hiyo waliyokuwa wakiitafuta kwako Nairobi, na babako alikuwa nayo siku ile akiwa amelowa miguu.

Haina maana kwamba wakili hana kazi hapo. Kazi ipo, ila iko kabla ya mvua. Karatasi moja kati ya nahodha na mwenye duka: mifuko ihesabiwe na kupigwa picha inapopakiwa Mokowe, turubai anunue nani, hasara ya bahari bila uzembe ibebwe na nani, na kama nahodha ndiye wa kuibeba basi nauli ipande kidogo kulipia hatari hiyo. Bei na hatari ni mapacha. Ukiona mtu kabeba hatari kubwa kwa bei ndogo, ama hajui, ama hana la kufanya, na wakili anatakiwa ajue ni lipi kati ya hayo.

Kuna safu nyingine chini yake. Wafanyabiashara wengi wa kwetu hawagusi mkopo wa riba, na tangu 2008 nchi hii ina benki zinazofuata sharia kikamilifu. Tuseme mwenye duka amenunua simiti kwa murabaha: benki inainunua kwanza, kisha inamuuzia kwa bei yenye faida, alipe polepole. Maana yake kuna kipindi ambapo mali ni ya benki. Kipindi hicho kikiangukia pale jahazi liko kati ya Mokowe na Amu, simiti iliyolowa ilikuwa ya nani? Sijui mhoji gani ambaye hatainua kichwa ukimletea swali hilo. Mtoto wa meneja wa benki hatalifikiria, kwa sababu hajawahi kuona mfuko wa simiti ukivuka maji.

Ukimaliza hapo nenda kwa wavuvi. Tajiri anampa mvuvi injini, nyavu na barafu, na mvuvi anamuuzia yeye tu, kwa bei ya tajiri. Hapo pana mkopo, pana dhamana na pana mkataba wa kuuziana peke yetu, vyote bila wino. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya 2017 imefungua mlango wa mtu kuweka dhamana mashine ya barafu, shehena, hata madeni anayodai watu, na kuandikisha kwa kompyuta; aliyeandikisha kwanza kwa kawaida ndiye wa kwanza kulipwa. Jiulize kwa nini wavuvi wetu wengi bado wako mikononi mwa tajiri. Huenda sheria haijawafikia. Huenda pia tajiri anatoa kitu ambacho benki haitoi, kama kumlisha mvuvi pepo zinapochafuka na bahari haiingiliki. Usikimbilie jibu.

Kuhusu uhasibu: hapana, usianze kozi nzima. Jifunze kusoma mambo matatu tu: faida na hasara, mizania (orodha ya mali na madeni ya biashara), na mtiririko wa fedha taslimu, yaani pesa inayoingia na kutoka. La tatu ndilo linaloua watu. Babako anaweza kuwa na faida nzuri kwenye hesabu huku wanakandarasi wamekaa na nauli yake miezi mitatu, na leo hana pesa ya dizeli. Mali kauli ni nzuri mpaka mwenye kauli apotee. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nakuomba uombe daftari la duka la jamaa yako yeyote ukae naye mwezi mmoja: nani anadaiwa, tangu lini, na mwenye duka mwenyewe anadaiwa na nani. Kisha soma habari za Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015. Wauzaji wengi walikuwa wamepeleka bidhaa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, wakajikuta nyuma kabisa ya foleni kwa sababu hawakushika dhamana yoyote. Ni duka lile lile la Langoni, limekuzwa tu.

Ile mihtasari minne, acha mitatu. Husahau kwa sababu hakuna inayokuhusu. Badala yake chagua jambo moja na ulifuate wiki zote nane, kwenye daftari la karatasi. Mimi ningechagua bandari, lakini chagua lako. Kila wiki andika: wiki hii fedha imetoka kwa nani kwenda kwa nani, na ni nani anayekosa usingizi. Na kila Ijumaa pitia Gazeti Rasmi la Kenya. Najua linachosha. Mimi nimepata wateja kwa kulisoma. Humo mna notisi za kampuni zinazofilisika, biashara zinazohamishwa, ardhi inayotwaliwa na serikali, na huko utaona mambo kabla hayajawa habari. Tafuta neno Lamu kwanza, kisha Malindi, kisha endelea.

Jambo moja linalosahauliwa na karibu kila mwanafunzi: kampuni ya mawakili yenyewe ni biashara. Ina kodi ya ofisi, ina mishahara, ina wateja wanaochelewa kulipa. Amri ya Malipo ya Mawakili imeweka viwango vya ada ambavyo wakili haruhusiwi kushuka chini yake, kwa hiyo hawashindani kwa bei kama wauza samaki. Wanashindana kwa kumjua mteja. Kabla ya mahojiano tafuta wateja wao ni wa aina gani. Kama ni mabenki, lete murabaha. Kama ni wenye hoteli na wanunuzi wa nyumba za kigeni, soma Kifungu cha 65 cha Katiba, kinachomzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kinachosema kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kisha jiulize mgeni anayetaka nyumba Shela anaitaka ya nini: kuishi, kupangisha, au kuwaachia watoto? Mkataba hubadilika kwa jibu hilo.

Nairobi usihamie kwa sababu hii. Utakwenda kazi ikikuita.

Na uangalie ulimi. Ukieleza mambo ya gatini mbele ya wahoji, usitaje jina la mtu wala deni la mtu. Watakupima kwa hilo pia: anayemwaga siri za jirani atamwaga za mteja.

Wiki hii, baada ya isha, kaa na babako. Usimpe pole tena. Muulize siku ile ya simiti nani alisema nini, yeye alilipa kiasi gani, na mwezi uliofuata alipata shehena ngapi kutoka kwa mtu yule. Kisha uiandike ile karatasi moja kati yake na mwenye duka, kwa Kiswahili, fupi kiasi cha kusomwa kwa sauti gatini kabla jahazi halijang'oa nanga, na ya haki kiasi cha wote wawili kukubali kutia saini. Niletee. Nitaisoma nikiwa wakili wa mwenye duka, na nitakuonyesha pale nitakapokubana.